Mvua Tuliyoiomba

Kwanza kwato zinakwaruza udongo mkavu. Halafu kimya kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kujitwisha ndoo. Halafu magoti yanagonga chini, tup, tup, na mwili mzima unarudi ardhini kwa kishindo cha gunia la pamba linaloshushwa kwenye lori. Mwisho pumzi inatoka puani, ndefu, na baada yake hakuna kitu. Sauti hiyo bado ninayo. Nikiwa nafua, nikiwa namsuka mtu nywele, inakuja yenyewe bila kuitwa.

Alikuwa ng'ombe wetu akijaribu kuinuka na kushindwa. Katika kiangazi kile ndiye aliyetuamsha kila asubuhi, maana jogoo tulikuwa tumeshamla.

Kijiji chetu hakiko mbali na Bariadi, ukishaiacha lami inayokwenda Lamadi na kuingia mbugani. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa za kuonja tu. Mwaka ule hazikuja kabisa. Mawingu yalipita juu yetu yakiwa meusi, tukayasindikiza kwa macho, yakaenda kunyesha kwa watu wengine. Pamba iliota ikafika kimo cha kidole, ikajikunja. Mahindi hayakutoka hata ardhini. Wenye ng'ombe wengi waliwapeleka mnadani wakiwa bado wanaweza kutembea, na waliochelewa walichuna ngozi. Sisi tulibaki na mmoja, jike mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea jichoni.

Huyo mmoja hatukuweza kumuuza wala kumwacha afe, kwa sababu alikuwa anamnyonyesha mtoto wa dada yangu.

Dada yangu aliolewa na mchuuzi wa samaki wa Lamadi, kule ziwani. Mimba ilipokuwa kubwa alirudi nyumbani kujifungulia kwa mama, kama desturi. Mtoto alitoka vizuri, analia kwa hasira, lakini damu ya dada ilikataa kukoma. Tulimrudisha nyumbani kutoka zahanati amefunikwa khanga zake mwenyewe, zile alizokuwa amenunua kwa ajili ya kubebea mtoto. Shemeji alikuja mazishini, akalia sana, akarudi Lamadi. Alituma maziwa ya kopo mara moja tu. Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani, na mama akanikataza kumsema vibaya.

Kwa hiyo mtoto alikuwa wa mama, wangu, na wa yule ng'ombe.

Ng'ombe naye alikuwa na msiba wake. Ndama wake alikufa mapema, na ng'ombe aliyefiwa na ndama hubana maziwa. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alimchuna yule ndama, akaijaza ngozi mabua makavu na kuishona kwa kamba ya katani. Kila asubuhi nilikuwa nainyunyizia chumvi ile ngozi na kuiweka mbele ya mama yake. Anailamba, anailamba, macho yake yanalegea, na maziwa yanashuka. Kikombe kimoja, siku nyingine hakijai. Mama anayachemsha na maji, mtoto anapewa kwa kijiko. Mimi nilikuwa nakamua huku nimegeuza uso, nisimwone ng'ombe akibembeleza mabua.

Lakini ili akamuliwe lazima asimame, na kusimama kulikuwa kumemshinda. Ng'ombe wa njaa akishalala usiku, asubuhi hana nguvu ya kujinyanyua. Ukimwacha chini siku nzima, ndiyo basi. Kwa hiyo kule kwetu, mwaka wa ukame, watu wanazunguka asubuhi boma kwa boma kusimamisha ng'ombe. Miti miwili inapitishwa chini ya tumbo, wawili huku, wawili kule, mmoja kwenye mkia, mmoja kwenye pembe. Leo kwako, kesho kwangu. Akishasimama mnamshikilia mpaka miguu iache kutetemeka, mnamwachia polepole, kama mnavyomwachia mtoto anayejifunza kutembea. Akifika jioni amesimama, mmeshinda siku.

Mwenye mkia daima alikuwa baba mdogo. Kanisani hakuwahi kuingia ila siku za maziko, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Shemeji," alimwambia mama asubuhi moja, "huyu ng'ombe wako ameokoka kuliko wewe. Mwangalie. Magoti chini tangu alfajiri."

"Shika mkia," mama akamjibu. "Hilo domo lingekuwa nguvu, ng'ombe angekuwa ameshafika Maswa."

"Mimi nasema tu. Mungu wenu amekwenda likizo, hajaacha hata mtu wa zamu."

"Inua, wewe!"

Tukainua huku tunacheka. Mimi nilikuwa upande wa tumbo, bega chini ya mti, nausikia moyo wa ng'ombe ukidunda kwenye shavu langu. Nilikuwa mtu wa kucheka siku hizo, hata katika shida ile. Nimeishia darasa la saba, lakini ndoto zangu hazikuishia huko. Nilishapanga saluni yangu ya Bariadi mjini, kioo kinafika darini, feni inazunguka, kiti kinazunguka, na mimi mwenyewe nazunguka katikati nimevaa aproni ya waridi. Nilimsimulia ng'ombe yote hayo wakati nakamua. Mama akisikia anasema, "Mwache mwenzio, hana nywele za kusuka." Na mpango ulikuwa kwamba mtoto angekuwa anacheza mlangoni mwa saluni, mnene, amevaa viatu.

Baba mdogo alimshauri mama zaidi ya mara moja aende kwa mzee mmoja wa mvua. Alisema kinachotakiwa ni kondoo mweusi tu.

"Kondoo mweusi nitamtoa wapi?" mama akauliza. "Na ningekuwa naye, ningemkamua."

Alikuwa anatania, lakini jioni hiyo alinivuta pembeni. Aliniambia, "Ng'wanone, mwanangu, tukianza kukimbia huku na huku tutachoka na hatutafika popote. Mimi nimemshika mmoja. Nitabaki nimemshika huyo huyo." Mama yangu husema mambo makubwa kwa sauti ya kuomba chumvi.

Akina mama wa kanisa walianza kwenda kuomba mtoni. Mto ulikuwa mchanga mtupu, una mashimo tuliyochimba kutafuta maji ya kunywa. Tulipiga magoti kati ya yale mashimo, jua linachoma visogo, tunaomba mvua. Mwinjilisti wetu, mzee mpole ambaye naye alikuwa ameshazika ng'ombe wake wote, alikuwa anaanza na sauti inamkatikia njiani, kisha wanawake wanaidaka. Mimi niliomba kama mtu aliyetumwa dukani, nisisahau kitu. Mvua, Mungu. Majani. Ng'ombe asimame mwenyewe. Maziwa. Mtoto. Halafu naanza tena kutoka juu.

Sikuomba tu, niliamini. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Nilikuwa nikirudi kutoka mtoni natazama pande zote kama mtu anayesubiri mgeni ambaye ameshapiga simu kwamba yuko njiani.

Na mvua ikaja.

Ilikuja alasiri, kutoka upande wa ziwa. Upepo kwanza, vumbi likasimama kama ukuta, halafu ile harufu. Mama alikuwa anapepeta dengu kidogo tulizopewa. Aliangusha ungo. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yalipiga mabati kama mtu anarusha kokoto, kisha yakakosa nafasi kati yake ikawa ngurumo moja tu. Tulitoka nje bila viatu. Tulipanga kila chombo chini ya michirizi, masufuria, ndoo, beseni, hata kikombe cha mtoto. Jirani mmoja alipita barabarani amelowa chapachapa, anapiga vigelegele, anamwita mama yangu, "Mayu! Mayu, ameona! Ametuona!" Na kutoka kanisani tukasikia mtu anagonga ile rimu ya gari iliyotundikwa kuwa kengele, anagonga ovyo, bila mpango, kwa furaha.

Mama akamfunga mtoto mgongoni, akajifunika turubai, akaenda kanisani. Mimi nikamfuata. Kabla ya kuondoka nilichungulia zizini. Zizi letu ni la miiba, halina paa, kama mazizi yote. Ng'ombe alikuwa amesimama, tulimsimamisha asubuhi. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mbavu, na alikuwa ameinua pua juu anaipokea mvua, ulimi unatoka unarudi. Nilicheka kwa sauti. Nikamwambia, "Umeona sasa? Kunywa, mama. Kunywa, imeisha." Karai lake la maji lilikuwa linajaa lenyewe.

Tuliimba sana. Kanisa lilikuwa linavuja na hakuna aliyesogea, watu walijiweka kwa makusudi pale panapovuja. Mwinjilisti alilia mbele za watu. Mvua ikaendelea, na ikageuka kuwa ya baridi, ile baridi inayoingia kwenye mifupa, meno yakawa yanatugongana tukiimba. Tuliichukua baridi hiyo nayo kuwa baraka.

Tulirudi kukiwa bado na mwanga kidogo. Ng'ombe alikuwa ameanguka.

Hakuwa ameanguka kama asubuhi zote. Alikuwa amelala ubavu mzima, shingo imenyooka, na udongo wa mbuga, ule mweusi unaoshika mguu kama mkono wa mtu, ulikuwa umemfika nusu ya mwili. Alikuwa anatetemeka. Ngozi yake ilikuwa inakimbia juu ya mbavu kama maji yanavyokimbizwa na upepo. Nilimgusa sikio, lilikuwa baridi kama kitu kilichotoka kwenye friji ya dukani.

Mama alinipa mtoto, akaingia matopeni na gauni lake. Tulimfunika magunia. Magunia yakalowa. Mama akajaribu kuwasha moto karibu yake, kuni zikatoa moshi tu. Nilikimbia kuita watu, wakaja waliokuwa karibu, wakapitisha miti chini ya tumbo. Tuliinua. Miti ikazama, sisi tukateleza, mzee mmoja akaanguka kifudifudi, na ng'ombe hakusogea hata kidogo. Tukajaribu tena. Kisha watu wakaanza kuangaliana, mmoja baada ya mwingine wakatoa mabega yao kwenye miti. Mama peke yake alibaki ameishika ile pembe iliyopinda, anasema, "Inuka. Inuka basi. Inuka." Sijui alikuwa anamwambia ng'ombe au alikuwa anaomba.

Nilileta ile ngozi ya ndama. Ilikuwa imelowa na chumvi imeoshwa yote, mabua yanatoka tumboni. Niliisogeza kwenye pua yake. Hakuilamba.

Baba mdogo alikuwa mnadani tangu jana yake, akafika asubuhi, viatu mkononi. Alisimama mlangoni mwa zizi. Nilisubiri aseme neno lake la utani, kwa kweli nililitaka, ningemrukia.

"Mvua ya kwanza, shemeji," akasema taratibu. "Ng'ombe aliyekonda hana mafuta ya kumkinga. Anaanza kufichwa yeye kwanza, hata jikoni. Hamkumfunika?"

Mama akamtazama.

"Tulikuwa tunashukuru," akasema.

Baba mdogo akavua kofia yake. Kisha akaenda kutafuta kisu cha kuchunia.

Nimelifikiria jibu lile la mama mara nyingi kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia. Kama tungekuwa watu wasiosali, tungebaki nyumbani. Kama tungekuwa tumenung'unika kuhusu ile baridi badala ya kuiimbia, tungemkumbuka. Na kama Mungu asingejibu, ng'ombe angeamka asubuhi ile kama kawaida, magoti chini, baba mdogo anatania, na mtoto angepata kikombe chake. Tuliomba mvua mpaka magoti yakachubuka, ikaja ikatuulia. Hayo nilimwambia Mungu kwa maneno hayo hayo, nikiwa nafagia. Sikuinama wala sikufumba macho.

Mtoto alilia siku ya kwanza na ya pili. Tulimpa uji mwepesi wa mtama, umechujwa kwa kitambaa, akaharisha. Jirani mwenye mbuzi alitupa maziwa alipoweza. Kisha mtoto akapunguza kulia, na hapo ndipo hofu yenyewe iliponiingia, kwa sababu niliijua ile pumzi. Nilikuwa nimeisikia zizini.

Jumapili ikawa ibada ya shukrani. Kijiji kizima kilikuwa na jembe akilini na nyimbo mdomoni. Watu walisimama kushuhudia. Mmoja alisema shamba lake lote limeshalimwa, mwingine alisema Mungu amewaaibisha waliocheka. Kisha mama yangu akasimama, mtoto mgongoni amelala sana. Kanisa zima likageuka kumtazama, maana wote walijua.

"Namshukuru Mungu kwa mvua," mama akasema. Akakaa.

Njiani sikuweza kujizuia. "Mama, unashukuru nini?"

Aliruka dimbwi kwanza. "Sijui."

"Sasa mbona umesimama?"

"Nilijikuta nimesimama. Nikaona aibu kukaa bila kusema kitu." Alimweka mtoto vizuri mgongoni. "Nikishajua nitakuambia. Usinisubiri lakini, unaweza kuchelewa."

Nilitamani kucheka. Zamani ningecheka.

Tangu siku ile nilivigeuza vyombo vyote kifudifudi. Ndoo, masufuria, beseni, na lile karai la ng'ombe nililokuta zizini limejaa, nikalimwaga na kulilaza chini kifudifudi. Mvua ilikuwa inanyesha karibu kila alasiri, maji mazuri yanaporomoka kutoka kwenye bati yanaingia ardhini, na mimi nilikuwa nachukua dumu naenda mtoni kuchota yale ya matope. Majirani waliniona wakapita. Mama aliniona akaendelea na kazi yake. Maji yake Mungu sikuyataka. Na saluni niliacha kuiota. Nikijaribu kukirudisha kile kioo kichwani, naona mlango hauna mtoto.

Wiki hiyo hiyo mtoto alikataa kijiko. Baba mdogo akaleta bodaboda mpaka mlangoni. Akawapakia mama na mtoto, akawafunika kwa koti lake kubwa, na kumwambia dereva, "Ukikimbia nitakufuata kwa miguu nikupige. Na ukichelewa pia." Wakaenda hospitali, Bariadi. Mimi niliachiwa nyumba na mbegu za kupanda.

Niseme hapa hapa kwamba mtoto alirudi. Walikaa huko mpaka mahindi ya jirani yakanifika magotini. Alirudi na mashavu, na sasa anatembea kwa kushika ukuta, amechelewa kuliko wenzake lakini anatembea. Watu huniambia, unaona, Mungu alikuwa na mpango wake. Dada yangu yuko pale pale nyuma ya nyumba. Wakati mwingine naamini, wakati mwingine naamini nikiwa na hasira, na siku hizo nyingine afadhali nisiziseme. Lakini ninayotaka kuikumbuka ni siku moja ya katikati, wakati hatujajua lolote.

Nilikuwa nyumbani peke yangu. Mama alipiga simu kwa kuazima simu ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Amekunywa?" nikauliza.

"Wamemtia mpira puani. Wanampitishia humo."

"Amefungua macho?"

"Asubuhi, kidogo." Nyuma yake nilisikia watoto wengine wanalia, nikawaonea wivu mama zao. "Mwanangu, mimi nimeomba mpaka maneno yameniishia. Niombee na wewe."

"Ndiyo, mama."

Simu ikakatika.

Nilikaa kwenye kizingiti. Nilijaribu. Nilisema "Mungu" na sikupata neno la pili. Orodha yangu yote ya mtoni ilikuwa imefutika, na kilichobaki, mtoto, niliogopa kumtaja, kwa sababu nilishajua jinsi maombi yanavyojibiwa. Nilikaa hivyo mpaka anga ikafunga upande wa ziwa, na upepo ukaanza kuokota majani ya zizi tupu.

Tone la kwanza likapiga bati. La pili.

Niliinuka. Nilivuka uwanja nikaingia zizini, miguu inazama, mpaka pale lilipokuwa karai la ng'ombe, limelala kifudifudi na udongo umeanza kulishika. Nililing'oa. Nililifuta ndani kwa upindo wa khanga yangu, nikalibeba mpaka ukutani, nikaliweka chini ya mchirizi, mdomo juu.